Ndoo ya Njia

Apolinaria alianza kuogopa hesabu akiwa na miaka kumi na mitano, na siku ya moto alikuwa na thelathini na minane, bado anaogopa. Si woga wa mzaha, ule wa mtu kusema anaogopa panya huku anacheka. Akisikia tu neno "fumbo", tumbo lilimkaza, viganja vikalowa, na namba zikawa zinamtazama bila yeye kuweza kuzisoma. Anayetaka kucheka na acheke. Huyo hakusimamishwa ubaoni siku nne mfululizo kwa hesabu moja ileile, fimbo ikiwa mezani na darasa zima likihesabu viboko kwa sauti.

Pamoja na woga huo, mwaka huu alijiandikisha kurudia mtihani wa kidato cha nne, mtahiniwa wa kujitegemea, na kila Jumatano alasiri Mwalimu Eustace alikuja kumfundisha. Mwalimu Eustace alikuwa mstaafu, mwembamba kama mpini wa jembe, mguu mmoja mzito kidogo, akiishi peke yake katika nyumba ya mwisho ya kijiji cha Igembe, ile inayotazama barabara ya Sikonge. Hakuwa na mke wala mtoto wa kumwuliza mbona umechelewa. Na hakupiga mtu. Mwanafunzi akikosea, alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasema, "Turudi nyuma kidogo, mama."

Walikuwa wamekwama kwenye mafumbo yenye vitu viwili visivyojulikana. Kuna mbuzi na kuku katika boma moja, vichwa thelathini, miguu themanini: mbuzi wangapi na kuku wangapi? Apolinaria alilitazama fumbo hilo Jumatano mbili nzima, na mwisho uvumilivu ukamwishia.

"Mwalimu, samahani. Huyu mtu aliyeingia bomani akahesabu miguu themanini, alishindwaje kuhesabu kuku?"

Mwalimu Eustace alicheka mpaka miwani ikamdondokea mapajani. "Kweli kabisa. Nani anahesabu miguu akaacha kuku?" Alifikiri kidogo. "Basi nitakutafutia fumbo la watu wa hapahapa. Jumatano ijayo nakuja nalo. Kwa sasa shika hili tu. Mlinganyo mmoja wenye wasiojulikana wawili hausemi kitu. Tafuta wa pili. Ukishaiweka yote miwili pamoja, ondoa mmoja wa wale wasiojulikana, na mwenzake atajitokeza mwenyewe."

Apolinaria aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeitikia mahubiri ya Kilatini. Alidhani mzee wa watu anakwenda Tabora mjini kutafuta kitabu.

Kumbe watu wanaohesabu miguu wakaacha kuku walikuwepo, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Kikundi cha warina asali cha Igembe kiliongozwa na Mzee Elieza, mzee wa kanisa la Moravian, mtu mpole katika mambo yote isipokuwa moja: hakuruhusu watu wanaoingia msituni wahesabiwe. Waandikwe majina, hapana. Wapangwe mstari, hapana. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi katika misafara ya zamani, iliyopita humohumo msituni kwenye njia ambayo bado inaonekana. Kila alfajiri, Mzee Elieza alisimulia, mnyapara aliwahesabu wapagazi kwa kuwagusa kwa fimbo, na idadi ikipungua hakuna aliyerudi kumtafuta aliyeanguka. Mzigo wake uligawiwa wengine, msafara ukaendelea.

"Ukishamhesabu mtu umemfanya mzigo," alisema. "Mimi nahesabu ndoo."

Na kweli alihesabu ndoo, na visu, na baiskeli, kwa ukali wa mkaguzi. Hata kufunga ndoo kulikuwa na sheria yake. Baiskeli yenye mtu mmoja ilibeba ndoo tatu tupu. Baiskeli iliyopakia wa pili ilibeba ndoo moja tu, kwa sababu huyo wa pili amekalia nafasi ya zile mbili. Pia palikuwa na ndoo ya njia. Kila safari, mahali ambapo uchochoro wao ulikatiza njia ya misafara, Mzee Elieza aliacha ndoo ya maji yenye kifuniko, na kila alipowaaga watu alfajiri alimaliza kwa maneno yaleyale: "Ukibaki nyuma, tafuta ndoo." Vijana walimwigiza wakicheka, lakini hakuna aliyethubutu kufagia vibaya pale mahali. Palikuwa peupe kama ua wa bibi harusi.

Jumatatu alfajiri, mwezi wa kumi, kikundi kilikwenda kurina asali ya mwisho kabla ya mvua, kulala usiku mmoja na kurudi. Apolinaria alikuwa mtunza stoo. Alifungua kufuli, akamkabidhi Mzee Elieza ndoo arobaini na mbili, akaandika kwenye daftari la stoo, akasahihisha "arobani" ikawa "arobaini". Mumewe, Festo, alikwisha kutangulia na baiskeli yake. Wengine walianzia uwanjani kwa Mzee Elieza, wengine walidakwa njiani. Wangapi? Wa kutosha.

Jumanne saa sita mchana ulikuja moshi.

Kwanza ulikuwa harufu tu, na watu wa Igembe mwezi wa kumi wanaamka na harufu ya moshi na kulala nayo. Kisha jua likawa jekundu na kuku wakaanza kupanda kwenye miti. Upepo ulitoka kusini na kuusukuma moto kuelekea mashambani. Apolinaria, daftari la stoo bado kwapani, alikimbilia mpakani mwa msitu pamoja na wengine, na alichokuwa akiogopa kilikuwa na jina: Festo.

Warina asali walitoka msituni kwa njia tatu tofauti, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu wamezitelekeza baiskeli na asali, wanakohoa, macho yamevimba. Walikuwa na kambi mbili kule ndani na kila kambi ilikimbia kivyake. Festo alitoka karibu na mwisho, nyusi zimeungua, viganja vina malengelenge. Apolinaria alimshika uso kwa mikono miwili kama anapima tikiti.

"Wa kwangu amerudi," alisema kwa sauti, na Mungu amsamehe, hakumfikiria mtu mwingine.

Kila mke, kila mama, kila mtoto pale mpakani alisema hivyohivyo. Wa kwangu amerudi. Wa kwangu yule pale.

Bwana Adriano, afisa misitu, alikuwa amekwisha kufika na pikipiki yake na vijana sita wa doria. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyapunguza zaidi. Moto hauzimiki, alisema. Ukifika kwenye mabani ya kukaushia tumbaku utaingia kijijini. Njia ni moja: kuwasha moto mwingine hapa mpakani, uende kukutana na ule unaokuja, vyote vilivyo katikati viungue kwanza na moto mkubwa ukose chakula.

"Wote wametoka?" aliuliza.

"Wote!" waliitikia.

"Hakika?"

"Wa kwangu amerudi!" alipiga kelele mama mmoja, na wengine wakarudia.

"Mlikwenda wangapi?"

Watu walimtazama Mzee Elieza, aliyekuwa amekaa juu ya gogo, kichwa chake kimejaa majivu.

"Watu hatuhesabu, Bwana Adriano," alisema mzee. "Unajua."

Bwana Adriano alijua. Kwenye daftari lake la geti la msitu aliandika baiskeli tu, kwa sababu kila msimu waligombana na kila msimu mzee alishinda. Alijaribu kuwahesabu kwa macho wale waliorudi, lakini walikuwa wamechanganyika na wanakijiji waliokuja na ndoo na matawi, wanakumbatiana, wanatafutana. Mara ya kwanza alipata ishirini na nane. Mara ya pili ishirini na tano. Alitukana kidogo kwa chini, akamwambia kijana wake aloweshe mienge kwa mafuta ya taa.

Apolinaria aliona mienge ikiloweshwa. Nani anahesabu miguu akaacha kuku? Walikuwa wameitikia "wote" kwa sauti moja, na hakuna hata mmoja aliyejua wote ni wangapi. Kila mtu alimtazama wake. Asiye na wa kumtazama, nani alimtazama?

"Bwana Adriano," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, ikabidi arudie. "Bwana Adriano, ngoja kwanza. Getini ulihesabu baiskeli ngapi?"

"Kumi na tisa. Kwa nini?"

"Nipe dakika tano."

"Mama, upepo haunipi mimi hizo dakika."

"Nipe tano."

Alichuchumaa, akafungua daftari la stoo kwenye ukurasa mtupu, na mstari wa kwanza ulitoka umepinda kama njia ya mchwa. Eksi ni baiskeli ya mtu mmoja. Wai ni baiskeli ya watu wawili. Baiskeli zote ni kumi na tisa.

x + y = 19

Huo ni mmoja, na mmoja hausemi kitu. Tafuta wa pili. Baiskeli ya mmoja ndoo tatu, ya wawili ndoo moja, na ndoo zilizotoka stoo anazijua, aliziandika mwenyewe.

3x + y = 42

Sasa ondoa mmoja. Wai juu, wai chini, wanafanana. Toa mstari wa juu katika mstari wa chini na wai anakwenda zake. Zinabaki eksi mbili, na upande wa pili arobaini na mbili kutoa kumi na tisa ni ishirini na tatu. Gawa kwa mbili.

Kumi na moja na nusu.

Alikodoa macho. Akafuta, akaanza upya. Kumi na moja na nusu. Mara ya tatu aliandika polepole, namba moja moja, kama mtoto wa chekechea, na ilimrudia ileile: nusu baiskeli, na juu yake nusu mtu. Alisikia kabisa darasa likihesabu viboko.

"Mama," alisema Bwana Adriano. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. "Umepata nini?"

"Bado."

"Niwashe?"

Apolinaria aliogopa kusema ndiyo na aliogopa kusema hapana. Akisema ndiyo na kuna mtu mle ndani, watamchoma kwa mikono yao. Akisema hapana na hakuna mtu, moto utaingia kijijini kwa sababu ya mwanamke aliyefeli hesabu mara mbili na bado anang'ang'ana nayo. Mngurumo ulikuwa umeanza kusikika, kama lori linalopanda mlima mbali. Ndege walipita juu bila kulia.

"Kama yupo aliyebaki," alisema Mzee Elieza kutoka kwenye gogo lake, taratibu, zaidi kwa Mungu kuliko kwa watu, "ndoo ipo."

Apolinaria aliinua kichwa. "Ndoo gani, baba?"

"Ya njia. Niliiacha jana palepale."

"Uliitoa wapi?"

Mzee alimtazama kwa mshangao, akidhani moshi umemwingia kichwani. "Si stoo kwako? Katika zile ulizonipa."

Ndoo ya njia haikuwahi kuandikwa peke yake. Hakuna aliyeichanganya na ndoo nyingine. Iliitwa ya njia, basi, kama vile mtu hawezi kuiita Biblia kitabu kimojawapo cha rafu. Iliondoka na wenzake kila safari na hakuna baiskeli iliyotozwa kwa ajili yake, kwa kuwa mzee aliining'iniza mwenyewe kwenye usukani, nje ya sheria. Apolinaria alikata arobaini na mbili, juu yake akaandika arobaini na moja. Kutoa kumi na tisa, ishirini na mbili. Nusu yake kumi na moja.

Kumi na moja kamili.

Baiskeli kumi na moja za mtu mmoja. Nane zilizobaki za watu wawili, yaani watu kumi na sita. Alirudisha majibu mahali pake kama alivyofundishwa: kumi na moja mara tatu, thelathini na tatu, ongeza nane, arobaini na moja. Yanakubaliana. Kumi na moja na kumi na sita, watu ishirini na saba.

"Baba, kuna baiskeli iliyovunja sheria ya ndoo?"

"Nilifunga kamba mwenyewe pale getini, watu wote wakiwa wamekwisha kupanda," alisema Mzee Elieza, kama mtu aliyetukanwa.

"Basi sasa naomba nihesabu viatu."

Mzee alielewa vizuri anachoombwa. "Viatu," alisema mwishowe, "hesabu."

Alisimama mwenyewe kutangaza. Kila aliyekwenda msituni avue kiatu cha mguu wa kushoto, akiweke barabarani. Aliyepoteza kiatu aweke jiwe. Asiyekwenda asiguse. Walikuja mmoja mmoja, katambuga za matairi, yeboyebo, raba moja ya shule iliyopasuka, gambuti la Mzee Elieza. Apolinaria alitembea pembeni ya mstari akigusa kila kimoja kwa kidole. Viatu ishirini na vitatu. Mawe matatu.

Ishirini na sita.

Akarudi mwanzo. Ishirini na sita. Maisha yake yote aliogopa kukosa hesabu. Siku hiyo kwa mara ya kwanza aliogopa kwamba ameipata.

"Kuna mtu ndani," alisema.

Bwana Adriano alimtazama yeye, akatazama daftari, akatazama msitu. "Una uhakika gani?"

"Walikwenda ishirini na saba. Hapa pana ishirini na sita. Kuna mtu ndani!"

Sasa ndipo watu walipoanza kugeuka kutazamana, si kila mtu kumtazama wake, bali kutazama nani hayupo. Ilichukua muda mfupi tu. Apolinaria aliona uso wa mumewe ukibadilika, ukawa wa kijivu chini ya masizi.

"Mwalimu," alisema Festo.

"Mwalimu gani?"

"Mwalimu Eustace. Nilimpakia mimi. Alinidaka njiani alfajiri, akaniomba nisikwambie, anakuandalia kitu. Leo asubuhi alihamia kambi ya kina Recheli. Nikajua atatoka nao."

Recheli, aliyekuwa amekaa chini akinywa maji, aliacha kunywa. "Alituaga kabla hata ya moshi. Alisema anarudi kwako, Festo. Tena alitaka apite taratibu, mguu unamsumbua."

Apolinaria alifunga daftari. Mwalimu hakwenda Tabora. Hakuna kitabu. Alikwenda msituni na mguu wake mbovu kumtafutia yeye fumbo lenye watu, kwa sababu alilalamika kuhusu kuku. Na kwa kuwa hakuwa na mke wala mtoto, palikuwa pamekosekana sauti moja tu katika kelele zile, ya kusema wa kwangu hajarudi.

"Atakuwa kwenye ndoo," alisema Mzee Elieza. "Nilimwambia kama nilivyowaambia wote."

Bwana Adriano alitazama saa. "Dakika ishirini. Zikipita hizo, vijana wangu watawasha, niwepo nisiwepo. Nani anapajua mahali? Awe mwepesi. Kurudi tutakuwa mshikaki, watatu kwenye pikipiki moja."

Festo alisogea, na Bwana Adriano akatazama viganja vyake vilivyochubuka. "Wewe hutaweza kushika."

"Napajua," alisema Apolinaria. "Nimekwenda kufagia pale mara nyingi." Angeweza kuomba aende mwingine. Alitamani kuomba. Alipandisha kitenge, akakaa nyuma ya pikipiki.

Kuhusu kwenda, alichokumbuka baadaye ni mgongo wa Bwana Adriano tu, na jasho lililochora ramani kwenye shati lake, kwa sababu alikataa kutazama kitu kingine. Moshi ulikuwa chini, wa manjano. Swala wawili walivuka mbele yao wakielekea kule walikotoka wao. Mngurumo haukuwa tena wa lori mbali. Ulikuwa kila upande, na ndani yake miti ilipasuka kwa vishindo. Apolinaria aliogopa hivi kwamba alisahau sala zote alizofundishwa, akabaki na moja tu, nayo haikuwa sala: kumi na moja, na kumi na sita, ishirini na saba. Kumi na moja, na kumi na sita, ishirini na saba. Kama alikosea, alikuwa amemleta baba wa watu kufa kwa ajili ya nusu baiskeli.

"Kulia!" alipiga kelele. "Hapa, kulia!"

Njia ya misafara ilifunguka mbele yao, pana, nyekundu, haina jani. Moto ulikuwa umekwisha kulamba majani ya upande mmoja na kuishia ukingoni mwa udongo uliofagiwa. Upande wa pili bado ulikuwa mkavu ukisubiri zamu yake. Katikati ya peupe ilikuwepo ndoo, na kando ya ndoo alikaa Mwalimu Eustace, shati lililoloweshwa limefunika kichwa, mguu wa kushoto hauna kiatu, kifundo kimevimba kama kiazi.

Juu ya goti alikuwa na karatasi. Kalamu ilikuwa bado mkononi.

"Mwalimu!"

Aliinua uso. Miwani ilikuwa nyeusi kwa masizi, na nyuma yake macho yalikuwa ya mtoto aliyepotea sokoni. Apolinaria hakuwahi kumwona anaogopa, wala hakujua kwamba walimu wa hesabu wanaogopa.

"Mama Apolinaria," alisema. "Nilikuwa nakuandalia fumbo. Baiskeli niliziona kwenye daftari la getini, ndoo nilizihesabu zikifungwa. Nikasema nikilifanya sitasikia moto." Alimwonyesha karatasi kama mwanafunzi anayejua amekosa. "Halitoki. Nimelifanya mara sita. Linaleta nusu."

Apolinaria alitaka kumpiga kofi na alitaka kumkumbatia, na muda haukutosha kwa lolote kati ya hayo. Alimshika makwapa, akamwinua.

"Toa moja, Mwalimu," alisema, na machozi yakamtoka bila ruhusa. "Ndoo unayokunywa. Hiyo haina baiskeli."

Mwalimu Eustace aliitazama ndoo, kisha akamtazama yeye. "Lo!" alisema. "Lo, mama wee."

Walirudi mshikaki, Mwalimu katikati, Apolinaria nyuma ameshika mabega ya Bwana Adriano kwa kumzunguka mzee, nywele zikinuka kuungua. Njia nzima alimwambia Mwalimu sikioni maneno yasiyo na maana, tumefika, tunafika, turudi nyuma kidogo. Walipotokea mpakani mienge ilikuwa imekwisha kuwashwa, vijana wameinama tayari. Bwana Adriano hakusimama hata. Aliinua mkono, na vijana wakateremsha moto kwenye majani.

Walikuwa wamechelewa, na kuchelewa kuligharimu. Kabla mioto miwili haijakutana, cheche ziliruka mpaka zikaangukia bani la Festo na Apolinaria, lenye tumbaku ya mwaka mzima wa jasho, na likaungua mpaka kwenye udongo huku wao wenyewe wakitazama. Festo alisimama na viganja vyake vimefungwa khanga mbili, kisha akaenda kumletea Mwalimu kigoda. Kijiji kilisimama.

Viatu vilikuwa bado barabarani. Katika ghasia zile hakuna aliyekumbuka kuvichukua, na watu walizunguka wakichechemea na kiatu kimoja kimoja. Mwalimu Eustace aliutazama mstari ule, akauliza ni wa nini, akaambiwa. Alitazama mguu wake mtupu wa kushoto. Kisha akainama kutoka kwenye kigoda kwa shida, akaokota jiwe dogo, akamwomba Apolinaria amfikishie.

Apolinaria aliliweka mwisho wa mstari.

Mzee Elieza alikuja, akasimama kando yake. Alitembeza macho polepole toka kiatu cha kwanza hadi jiwe la mwisho, midomo imebana, kama mtu anayepita karibu na kitu asichopaswa kukitazama.

"Ngapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Viatu ishirini na vitatu, baba," alisema Apolinaria. "Na mawe manne."

Mzee alitikisa kichwa kukubali, na majivu yakamdondoka kutoka kwenye nywele. Mkono wake ulimshika Apolinaria kiwiko, ukamkaza kwa nguvu, na haukumwachia.

"Vizuri," alisema. "Watu hatukuwahesabu."